Baga ya Kumzikia Mzee Ngwali

Katika nchi yetu nzima, kuanzia mpaka wa juu hadi kule chini ambako ramani iliungua, hakuna mwanamke anayezijua hoteli za baga kubwa kunishinda mimi. Nitajie yoyote, nitakwambia mlango wake unatazama wapi, pazia lake lina rangi gani, na mwenyewe ana jino la dhahabu au hana. Usiniulize tu baga yenyewe ina ladha gani, maana hapo nitaanza kukohoa. Sijawahi kuila. Tena hoteli zote hizo niliziingia siku moja, kwa sababu ya maiti.

Ngoja nieleze taratibu, maana msomaji wa nchi nyingine, zile ambazo watu wanakula bila kutangaziwa, anaweza kudhani natunga.

Baga tuliletewa na Mtukufu Mshibishaji wa Taifa. Alikwenda ziara nchi za watu, huko akaandaliwa mkate wa duara uliopasuliwa katikati, ndani nyama ya kusaga, vitunguu, jani la kijani, halafu nyama nyingine juu ya ile nyama, kitu kirefu mpaka kimechomekwa kijiti kisianguke. Mtukufu akajaribu kuuma, mdomo ukagoma. Wanasema alitokwa na machozi palepale mezani. Aliporudi tulipangwa uwanjani kumpokea, akatuhutubia hata kabla hajashuka ngazi zote za ndege.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu tumedanganywa kwamba tatizo letu ni chakula. Tatizo letu si chakula. Tatizo letu ni udogo! Taifa linalokula vitu vinavyoingia mdomoni, litaingia mdomoni mwa mataifa mengine!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga sana, kwa kuwa nilisimama karibu na askari.

Wizara ya Kilimo ikafungwa, watumishi wake wakahamishiwa Wizara ya Ukubwa. Sheria ikatoka kwamba kila hoteli iwe na baga kubwa, na ukubwa wenyewe ukaelezwa vizuri ili asiwepo wa kusingizia hakuelewa: isiingie mdomoni mwa mtu mzima yeyote. Baga inayoingia mdomoni ni kosa la jinai, mpishi na mlaji wote ndani. Hapo utaona kwamba kula kwenyewe kulipata ugumu kidogo. Wataalamu wakasema hilo litashughulikiwa.

Baadaye njaa ikafutwa. Sisemi iliisha. Ilifutwa, redioni, kati ya matokeo ya mpira na matangazo ya vifo. Tangu siku hiyo mtu akijisikia vibaya tumboni anaruhusiwa kusema "nina nafasi". Ukikutana na jirani asubuhi unamuuliza, "Umeamkaje, nafasi ipo?" Naye anajibu, "Ipo ya kutosha, tunashukuru." Na ukikutana na mtumishi wa serikali, salamu ni kupiga mbweu, ile ya mtu aliyekula akabakisha. Sisi wazee tulijifundisha kumeza upepo.

Yote hayo tuliyazoea. Kilichotushinda ni kufa.

Kwa sababu mtu hawezi kufa kwa kitu kilichofutwa, ilibidi kila marehemu ahakikishwe kwamba alikufa ameshiba. Inaletwa baga kubwa kutoka hoteli aliyokuwa akila, inawekwa upande wa kichwa chake, Afisa Shibe wa mtaa anaitazama, anatamka, "Huyu kashiba," ndipo anaoshwa na kuzikwa. Bila hivyo marehemu anahesabika yu hai, na asipotokea kwenye kazi za ujenzi wa taifa anaandikiwa utoro. Mtaa wa nyuma yetu kuna bibi mmoja alikaa hai namna hiyo mpaka majirani wakahama.

Sasa nakuja kwa jirani yangu Mwantumu na mumewe, Mzee Ngwali.

Mzee Ngwali alikuwa fundi viatu, kazi iliyokufa pale ngozi ilipopandishwa cheo ikawa kitoweo. Alikuwa na kofia ya kitani na masharubu makubwa ya kizamani, ya mtu anayetegemea kupigwa picha. Kila mchana alikuwa akitoka kwenda mjini, na akirudi masharubu yanang'aa mafuta, ananuka kitunguu kilichokaangwa vizuri hata sisi wa upande wa pili wa ua tunapata kizunguzungu. Anakaa kwenye kigoda, anakunja mguu, anaisukuma sahani ya muhogo.

"Kula wewe, mke wangu. Mimi nimetoka hotelini. Ile baga imenikaa hapa," na anajigusa kifuani.

Mwantumu anakula. Na kila tonge linaloshuka, hasira inapanda.

"Shoga yangu Sikudhani," ananiambia uani, "mwanamume gani huyu? Anakula nyama juu ya nyama, mkewe hamletei hata jani?"

"Labda haibebeki. Si wanasema ni kubwa?"

"Masharubu yake yanang'aa mafuta, Sikudhani! Yangu yanang'aa nini?"

"Wewe huna masharubu."

"Nitaota. Kwa hasira hizi nitaota."

Siku ya mwisho ugomvi wao tuliusikia mtaa mzima. Jua lilikuwa linazama, Mzee Ngwali kaingia na harufu yake, kaisukuma sahani yake. Mwantumu akalipuka. "Mchoyo wee! Mchoyo mkubwa! Leo hulali humu. Nenda kalale na hiyo baga yako!" Akampa mkeka, akafunga mlango kwa komeo.

Mzee Ngwali akatandika barazani bila kelele. Nilikuwa naanua kanga zangu, nikamwona amesogeza mdomo kwenye mlango, anauliza polepole, "Lakini umekula? Umemaliza wote?"

Ndani taa ikazimwa.

Asubuhi Mwantumu alipofungua mlango ili afagie, mumewe alikuwa baridi kuliko sakafu aliyolalia.

*

Afisa Shibe wetu anaitwa Bwana Ligambo. Ni kijana, kavaa koti la serikali lililoshonwa kwa ajili ya mtu aliyetarajiwa kunenepa. Alifika mapema, tulipokwisha kumwingiza marehemu ndani, akasimama mlangoni, akapiga mbweu. Waombolezaji wote tukamwitikia.

"Poleni kwa msiba," akasema, "kama ni msiba. Maana kisheria mzee huyu mpaka sasa amelala."

"Amelala na nzi machoni, baba?" akauliza Mwantumu.

"Wengine hulala hivyo. Alikuwa akila wapi?"

"Hotelini! Kila siku ya Mungu! Baga kubwa! Uliza mtaa mzima kama nasingizia."

Tukatikisa vichwa kukubali. Bwana Ligambo akanyooka ndani ya koti lake.

"Kila siku? Basi huyu si wa kawaida. Huyu ni Mlaji Mwandamizi! Leteni baga kutoka hoteli yake nami nitamwombea hata bendera. Hoteli gani?"

Hapo Mwantumu akakwama. Mumewe hakuwahi kuitaja kwa jina. Alisema tu ni mjini, penye pazia jekundu.

"Ina pazia jekundu," akasema.

"Zote zina pazia jekundu, mama. Ni agizo." Akatazama jua. "Nawapa mpaka alasiri. Nikirudi nikakuta bado amelala, itabidi achukuliwe apelekwe Kambi ya Kuamshwa."

Kambi ya Kuamshwa iko nje ya mji, ina ukuta mrefu na ua wa maua mazuri sana. Wanaopelekwa kule hawajapata kuamka, na ndugu zao hawajapata kuonyeshwa kaburi. Mwantumu alisikia jina hilo, akajifunga kanga kiunoni.

"Sikudhani, vaa viatu. Mwanamume huyu kaninyima baga akiwa hai. Akiwa maiti ataninyima na kaburi lake?"

*

Hoteli ya kwanza ilikuwa imejaa. Wateja wamekaa mezani, visu na uma mkononi, wote wameelekea ukutani. Ukutani kuna picha ya baga kubwa kama kitanda.

"Karibuni, mama zangu," akasema mhudumu. "Ya kutazama au ya kunusa?"

"Ya kubeba," nikasema.

"Ya kubeba imezuiwa. Wananchi walikuwa wanajaa mate njiani, wakaanza kusimama vikundi vikundi."

Mwantumu akamuuliza kuhusu mzee mwenye kofia ya kitani, masharubu yana mafuta. Mhudumu akacheka kwa huzuni. "Mafuta? Hapa hapajafika mafuta, mama. Angekuja na masharubu hayo wateja wangemla yeye."

Hoteli ya pili baga yake ilikuwa kweli kubwa. Ilijengwa kwa saruji, ina urefu wa tangi la maji, na chini ya jani kuna mlango, ndani ofisi ya chama. Mlinzi akatuzuia kwa rungu.

"Hii haitoki. Imezinduliwa."

Mwantumu akaipiga kofi ile saruji. "Ndiyo aliyokuwa akila mume wangu hii?"

"Hii hajaila mtu, mama. Ila yenyewe ilimla fundi mmoja wakati wa ujenzi. Mkitaka, pigeni picha."

Tukaendelea. Hoteli moja ilikuwa na pazia jekundu na nyuma ya pazia ukuta. Nyingine mwenyewe alitusihi tusiulize kwa sauti, kwani baga yake iko safarini, wanaazimana na mkoa mwingine, na zamu yake bado. Nyingine walitukaribisha vizuri, wakatunawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu, wakatupa vijiti vya kuchokolea meno, wakatuaga. Nikamwambia Mwantumu hao angalau wana adabu. Hakucheka.

Jua lilikuwa juu ya utosi tulipokaa kwenye jiwe kando ya barabara. Mwantumu alikuwa amevua kandambili, anatazama miguu yake.

"Kwa nini hakunitajia jina la hoteli, Sikudhani? Aliogopa nitamfuata?"

"Aliogopa ungemfuata ukala kumzidi."

Alinitazama mpaka nikatamani kulirudisha lile neno kinywani.

Ndipo tukasikia harufu. Ile ile ya uani kwetu, ya kitunguu na mafuta. Mwantumu akasimama bila hata kuvaa kandambili, akaifuata kama mtu aliyeitwa jina lake, mimi nyuma nimemshikia viatu. Tukapita nyuma ya lile bohari la mchele ambalo siku hizi ni Makumbusho ya Mchele, tukakuta kibanda chenye pazia lililowahi kuwa jekundu.

Ndani alikuwamo mwanamke wa makamo, mrefu, mifupa ya mabega inaonekana, anatikisa kikaango. Alisema jina lake Chausiku, yeye ndiye mwenye hoteli na ndiye mpishi. Mwantumu hakumwamkia. Alisema tu, "Mzee. Kofia ya kitani. Masharubu."

Uso wa Chausiku ukachangamka. "Mnamjua? Yuko wapi leo? Kachelewa. Nimemwekea."

"Umemwekea baga?" Sauti ya Mwantumu ilikuwa imenolewa pande zote mbili.

"Baga gani, mama yangu?"

Akatuonyesha kikaango. Kulikuwa na nusu kitunguu ndani ya mafuta yanayotosha kijiko, kitunguu chenyewe kimeshakuwa cheusi pembeni.

"Wizara inatugawia hiki na kipande cha mafuta, tukaange kila mchana ili mtaa unukie shibe. Hakiliwi. Kesho tunakikaanga tena. Mzee yule anakuja, anasimama hapo ulipo wewe, ananiambia, 'Binti yangu, nipake.' Nachovya kidole, nampaka hapa na hapa, masharubuni. Halafu anaondoka haraka, harufu isije ikamwishia njiani."

"Apakwe ili iweje?"

"Ana mkewe nyumbani. Anasema mkewe ana roho ya ajabu, muhogo hata ukiwa mdogo kama kidole ataukata katikati amgawie. Lakini akinusa mafuta anakasirika, na akikasirika anakula wote peke yake." Chausiku akatabasamu, anakumbuka. "Mzee ana vituko. Anasema, 'Hasira za mke wangu ndizo zinazomweka hai, binti yangu, usinipunguzie mafuta.' Mimi huwa namtania..."

Akaacha. Alikuwa ameona kanga ya Mwantumu ilivyofungwa, kimsiba.

  

Mwantumu alikaa chini, kwenye sakafu, mgongo ukutani. Kitunguu kikaungua, hakuna aliyekitoa. Akasema, si kwangu wala kwa Chausiku, "Aliniuliza kama nimemaliza wote. Jana, kupitia mlangoni."

"Nilimsikia," nikasema.

"Na nilikuwa nimemaliza."

Tukamweleza Chausiku habari ya afisa, ya alasiri na ya Kambi. Alisikiliza akifuta mikono kwenye aproni. Kisha akamwaga maji jikoni, moto ukazimika saa ile ya kukaanga, jambo ambalo ni kosa, akapandisha mkono kwenye rafu akashusha baga kubwa iliyonona, mkate wake wa kahawia, jani lake la kijani.

"Ni godoro," akasema. "Nimelikata na kulipaka rangi mwenyewe. Limeshazika watu wengi upande huu wa mji. Twendeni, nitalibeba mimi."

*

Tulikuta wanaume wamekaa nje na jeneza, maji ya kuoshea yameshatekwa, hakuna anayethubutu kumgusa mtu aliyelala. Tukaweka baga kichwani pa Mzee Ngwali. Nilimtazama usoni, yale masharubu bado yaling'aa kidogo. Mwantumu aliyapangusa kwa upindo wa kanga, polepole, upande huu na upande huu.

Bwana Ligambo akafika na mbweu yake. Safari hii ilitoka nyembamba. Akaiinamia baga, akaitazama, akaizunguka, akainyooshea kidole. Akaibonyeza. Kidole kikazama, kilipotoka baga ikajirudi ilivyokuwa.

Akageuka kututazama, jasho linamtoka. Baadaye tulikuja kujua kwamba asubuhi ile Wizara ilikuwa imewaonya maafisa wote: baga za godoro zinazunguka misibani, na afisa atakayepitisha hata moja atahesabiwa kuwa yeye mwenyewe ana nafasi. Na msibani hakukosi mtu wa kupeleka maneno.

"Hii imetoka wapi?"

"Hoteli ya nyuma ya bohari la mchele," akajibu Mwantumu. "Alikokuwa akienda."

"Haiwezekani!" akapaza sauti, ili asikike hadi nje. "Hoteli ile naijua. Mimi mwenyewe ni mlaji wa pale. Leo hii mchana nimetoka kula baga pale, laini, mchuzi unachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hili ni godoro! Raia huyu hajashiba. Raia huyu amelala, na gari la Kambi litakuja kumchukua."

Wanawake wakaanza kulia. Nje wanaume wakasimama, halafu wakakumbuka wao ni nani, wakakaa.

Chausiku akatoka kwenye kona aliyokuwa ameketi. "Umesema leo mchana, bwana?"

"Leo mchana."

"Mpishi wa pale ni mimi. Leo nimefunga. Niko na mama hawa."

  Koti la Bwana Ligambo likaonekana limemzidi kupita lilivyokuwa asubuhi.

"Jana," akasema. "Nilitaka kusema jana. Jana mchana nilikula pale."

Chausiku alifungua kinywa, lakini Mwantumu akamshika mkono. Akamgeukia afisa kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata alipokuwa mwari.

"Jana, baba? Jana hata mume wangu alikuwa pale. Hamkuonana kweli? Mtu mwenye masharubu kama yale haonekani?"

Bwana Ligambo akaona mlango umefunguliwa, akaingia mbio.

"Tulionana! Ehe, mama, tulionana vizuri kabisa. Tulikaa naye meza moja. Baga yake na yangu, tukawa tunapigana vijembe nani atamaliza kwanza."

"Akamaliza?"

"Akamaliza, na kipande changu akasaidia! Akalegeza mkanda. Nikamwambia, mzee, punguza, utapasuka."

"Kwa hiyo alishiba."

"Alishiba sana, mama. Alishiba kupita kiasi!"

Mwantumu akapaza sauti ya kufika nje. "Jamani, mmemsikia Bwana Afisa? Ametamka!"

"Tumesikia!" wakajibu wanaume kwa pamoja, na hapo hapo wakaingia na ndoo zao na sanda, wakiwa na haraka ya watu walioogopa asubuhi nzima. Kwetu afisa akishatamka shibe, neno halirudishwi, hata na afisa mwenyewe. Bwana Ligambo alinyanyua mkono, kama anayetaka kuongeza jambo, mkono ukabaki hewani hapo, kisha akaushusha na kuusukumiza ndani ya ile mikono mirefu ya koti.

Mwantumu alitoka kuwapisha waoshaji. Alifika ukumbini, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akalia. Nilimshika. Alikuwa mwepesi, lakini si mwepesi kama alivyokuwa yule aliyelala ndani.

Chausiku akaliokota godoro lake, akalikung'uta vumbi, akaliweka kwapani. Alipofika mlangoni, pale aliposimama Bwana Ligambo, alimsogelea, akamwambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsitiri mwenzake ambaye kifungo cha shati kimefunguka:

"Hoteli yangu haina meza, bwana. Zote tulizichanja kuni."